Bingwa Anaporudi Darasani: Tathmini ya Utaratibu wa Kuahirisha Masomo katika Chuo Kikuu cha Yale

Mwezi Agosti 2022, miezi 6 baada ya kutwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki mjini Beijing, Nathan Chen alirudi Chuo Kikuu cha Yale kuendelea na mwaka wa tatu wa shahada ya kwanza. Alikuwa na umri wa miaka 23, bingwa wa dunia mara 3 na bingwa wa Marekani mara 6 mfululizo katika mchezo wa kuteleza kisanaa barafuni, na hapakuwa na mwenye shaka kwamba angeweza kushindana misimu mingine kadhaa. Hakurudi tena mashindanoni. Wengi walilisimulia jambo hilo kama kisa cha moyo wa kijana mmoja aliyependa vitabu kuliko makofi, na huenda hawakukosea sana. Lakini walisahau kwamba Chen aliweza kuchagua kwa sababu kulikuwa na mahali palipomhifadhia nafasi yake kwa miaka 2. Mahali hapo ni ofisi ya chuo, na huduma yenyewe ni utaratibu wa kuahirisha masomo, ambao vyuo vikuu vingi vya Marekani vinao. Ndio ninaoutathmini hapa, kama mtu anavyotathmini huduma yoyote inayolipiwa: unatoa nini, unagharimu nini, unamfaa nani, na unamwachia mteja wapi kazi ya kujitafutia mwenyewe. Ushahidi wangu ni wa walioutumia, na maisha yao ya mchezo na ya masomo yako wazi kwa yeyote anayeufuatilia mchezo huu.

Kwa maelezo mafupi, utaratibu unafanya kazi hivi. Mwanafunzi ambaye maendeleo yake ni mazuri anaomba kusimama masomo kwa idadi fulani ya mihula. Akikubaliwa, chuo hakimdai ada kwa kipindi hicho, hakimpi bweni, na hakifuti kozi alizokwisha kufaulu. Siku anaporudi anaendelea pale alipoishia bila kuomba udahili upya. Shahada ya kwanza ya Yale inahitaji kozi 36, ambazo kwa kawaida hugawanywa katika mihula 8, kwa hiyo kila muhula una kozi 4 au 5. Chen aliingia mwaka 2018, akasoma miaka 2, akaahirisha kuanzia mwaka 2020 hadi Olimpiki ya 2022 ilipopita, akarudi, akasoma miaka 2 iliyobaki na kuhitimu Mei 2024 katika takwimu na sayansi ya data. Thamani ya kutokuomba upya hudharauliwa na asiyejua jinsi mlango wa Yale ulivyo mwembamba: mwaka aliodahiliwa yeye, waliokubaliwa walikuwa chini ya asilimia 7 ya walioomba. Chuo kinachokwambia uende utakakokwenda na nafasi yako haitapewa mtu mwingine kimekupa kitu ambacho medali ya dhahabu haiwezi kununua.

Hata hivyo, ili kuupima utaratibu huu kwa haki, ni lazima kwanza tutazame miaka 2 ambayo Chen hakuutumia, yaani alipokuwa mwanafunzi wa muda wote na mshindani kwa wakati mmoja. Msimu wa mchezo huu na kalenda ya chuo vinagongana karibu kila mahali panapoweza kugonganishwa. Muhula wa kwanza unaanza mwishoni mwa Agosti, wakati ambapo mtelezaji anapaswa kuwa anakamilisha programu mpya za msimu, yaani maonyesho atakayoyateleza kwa muziki mbele ya waamuzi. Mashindano ya Grand Prix, mfululizo wa mashindano ya kimataifa, yanashika Oktoba na Novemba, na fainali yake inaangukia Desemba, wiki ambazo wenzake wanajifungia maktaba kujiandaa kwa mitihani. Ubingwa wa Marekani huwa Januari, muhula wa pili unapofunguliwa, na ubingwa wa dunia huwa Machi, katikati ya muhula huo huo. Kocha wake, Rafael Arutyunyan, alibaki California, upande wa pili wa nchi, kwa hiyo sehemu kubwa ya mafunzo ilifanyika kwa simu za video, huku mtelezaji akijirekebisha mwenyewe.

Yale ina uwanja wake wa barafu, Ingalls, uliosanifiwa na Eero Saarinen na kukamilika mwaka 1958, ambao paa lake limepinda kama mgongo wa nyangumi, na ndiyo sababu wenyeji wanauita Nyangumi. Ni jengo la kupendeza, na katika vipeperushi vya chuo linapiga picha vizuri. Lakini ni uwanja wa hoki, na mtu wa mchezo huu anajua maana yake. Barafu ya hoki hugandishwa zaidi, karibu nyuzi 6 hadi 9 chini ya sifuri, ili iwe ngumu na ya kasi na isichimbike haraka wachezaji wanapokata kona. Ya kuteleza kisanaa huachwa kwenye nyuzi 3 au 4 chini ya sifuri, iwe laini kiasi cha kushika. Tofauti hiyo inaonekana ndogo kwenye karatasi. Kwa anayeruka mizunguko 4 hewani ni tofauti kubwa, kwa sababu anachomeka meno ya mbele ya chuma cha kiatu ndani ya barafu ili yamrushe, anakaa hewani muda usiofika hata sekunde moja, kisha anatua juu ya ukingo wa nje wa mguu mmoja akirudi nyuma, na uzito wote wa mwili pamoja na nguvu ya mzunguko vinashuka kwenye ukingo ule ambao unene wake ni milimita chache. Barafu ngumu hupasuka vipande pale meno yanapoingia, na ukingo unapotua huponyoka badala ya kuzama. Fikiria kulifanya hilo bila kocha kando ya uzio, katika saa zilizobaki baada ya timu za hoki kumaliza zamu zao, na kipindi cha takwimu kinakusubiri baada ya kuvua viatu.

Wengi wa mchezo huu walitia shaka kwamba jambo hilo lingewezekana. Matokeo yanajulikana. Machi 2019, akiwa bado hajamaliza mwaka wake wa kwanza, Chen alishinda ubingwa wa dunia mjini Saitama kwa alama 323.42, akimwacha Yuzuru Hanyu, bingwa wa Olimpiki wa 2014 na 2018, nyuma kwa zaidi ya alama 22 nyumbani kwao Japani. Desemba mwaka huo, akiwa mwaka wa pili, alishinda fainali ya Grand Prix mjini Torino kwa alama 335.30. Katika miaka hiyo 2 ya masomo ya muda wote hakupoteza shindano lolote kubwa la mtu mmoja mmoja. Kinachochekesha kidogo ni kwamba kushindwa kwake kwa kwanza tangu Olimpiki ya 2018 kulikuja Oktoba 2021 katika Skate America, ambako alimaliza wa tatu, wakati huo akiwa ameahirisha masomo na akifanya mazoezi siku nzima na kocha wake pembeni.

Mtu angeweza kuhitimisha kutokana na hayo kwamba utaratibu wa kuahirisha haukumsaidia kitu. Mimi sioni hivyo. Kilichompeleka California kwa miaka 2 kilikuwa deni la Olimpiki ya Pyeongchang, ambako mwaka 2018 aliharibu programu fupi, sehemu ya kwanza ya shindano, akashika nafasi ya 17, kisha akarudi kwenye programu ndefu na miruko 6 ya mizunguko 4, akapata alama 215.08, nyingi kuliko za mtu yeyote siku hiyo, na bado akaishia wa tano. Mtelezaji aliyeonja hali hiyo anajua kwamba Olimpiki ni dakika chache zinazokuja kila baada ya miaka 4, na kwamba kosa moja la asubuhi moja halifidiwi na mataji ya dunia hata yakiwa matatu. Kwa Beijing alitaka kila siku ya maandalizi iwe yake. Alipata alama 113.97 katika programu fupi, rekodi ya dunia, na 332.60 kwa jumla. Huduma ilifanya kazi yake: ilimpa muda uliokuwa wake peke yake, kisha ikamrudisha darasani bila kumuuliza maswali mengi.

Sasa tuje kwenye gharama, ambazo ndipo penye malalamiko yangu makubwa. Msomaji aliyezoea habari za wanariadha wa mbio kutoka Afrika Mashariki wanaosomeshwa Marekani kwa miguu yao atadhani bingwa wa dunia wa barafu anasomeshwa vivyo hivyo. Sivyo. Kuteleza kisanaa si miongoni mwa michezo inayoendeshwa na NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kwa hiyo ufadhili wa michezo wa NCAA haumhusu mtelezaji, awe amejaza kabati la medali au la. Vyuo vya kundi la Ivy, yaani vyuo vikongwe vya mashariki mwa nchi, Yale ikiwemo, havitoi ufadhili wa michezo kwa mchezo wowote; vinatoa msaada kulingana na uwezo wa familia peke yake. Mwaka alioanza Chen, ada pamoja na malazi na chakula ilikuwa karibu dola 69,000 kwa mwaka. Alipokuwa anamaliza ilikuwa imepita dola 80,000. Linganisha na zawadi: ubingwa wa dunia wa 2019 ulilipa dola 64,000, na dhahabu ya Olimpiki ililipiwa na kamati ya Olimpiki ya Marekani dola 37,500. Kwa maneno mengine, anayelipa ada kamili angehitaji kuwa bingwa wa dunia ili kulipia mwaka mmoja wa masomo, na bado asingetosheleza.

Upande wa pili wa shilingi hiyo ni kwamba kutokuwepo kwenye NCAA kulimpa mtelezaji uhuru ambao mkimbiaji au mchezaji wa mpira wa kikapu hakuwa nao. Hadi Julai 2021, mwanariadha wa chuo aliyepokea pesa ya tangazo alihatarisha haki yake ya kushindania chuo chake. Mtelezaji hakuwa na chuo cha kushindania, aliliwakilisha taifa, na chuo hakikuwa na sababu ya kufungua pochi yake kuangalia kilichomo. Chen aliweza kufanya matangazo ya kampuni kubwa na bado akahudhuria mihadhara kama mwanafunzi mwingine yeyote. Kwa anayetazamwa na televisheni za nchi nzima, uhuru huo una thamani kuliko ufadhili. Kwa mtelezaji wa nafasi ya 8 au ya 12 kitaifa, ambaye hakuna kampuni inayomjua, uhuru huo ni karatasi tupu. Wazazi wake wameshalipia barafu, kocha, viatu na usafiri kwa miaka 10 au zaidi, na sasa wanaletewa ada ya chuo. Huduma inayomfaa bingwa pekee nakosa namna ya kuipa alama za juu kabisa.

Kumbukumbu za zamani zinaonyesha kwamba hata uvumilivu huu wa vyuo haukuwepo tangu mwanzo. Mtelezaji wa Marekani Dick Button alikuwa amejipanga kuingia Yale mwaka 1947, akasogeza mbele kwa sababu ya Olimpiki, akashinda dhahabu St. Moritz mwaka 1948, na hatimaye akaenda Harvard, ambako alihakikishiwa kwamba ataruhusiwa kuteleza mradi masomo yasilegee. Yale ikampoteza. Akiwa mwanafunzi wa Harvard alishinda dhahabu ya pili Oslo mwaka 1952, akawa mtu wa kwanza kuruka mizunguko 3 katika mashindano, akahitimu mwaka huo huo, kisha akaacha ushindani wa ridhaa na baadaye akasoma sheria hapo hapo Harvard. Nikilitazama jambo hili kwa jicho la mteja, naona kwamba chuo kilichosema ndiyo mapema ndicho kilichopata mwanafunzi, na kwamba Yale ilijifunza jambo hilo kwa kuchelewa.

Mtelezaji Tenley Albright ndiye ninayemrudia mara kwa mara kila mjadala huu unapozuka, kwa sababu yeye hakungoja utaratibu umtengenezee njia. Aliugua polio utotoni. Aliingia Radcliffe, chuo cha wanawake kilichoshirikiana na Harvard, mwaka 1953, ambao ni mwaka alioshinda ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Akasimama masomo kujiandaa kwa Olimpiki ya Cortina ya 1956, akajikata kifundo cha mguu kwa chuma cha kiatu muda mfupi kabla ya mashindano, na akashinda dhahabu hata hivyo, Mmarekani wa kwanza mwanamke kufanya hivyo katika mchezo huu. Kisha akaacha kushindana na kuingia Shule ya Tiba ya Harvard bila hata kukamilisha shahada ya kwanza, akahitimu mwaka 1961 na kuwa daktari wa upasuaji. Hayes Jenkins, aliyeshinda dhahabu ya wanaume hapo hapo Cortina, alienda Harvard kusoma sheria, na mdogo wake David, bingwa wa Olimpiki ya 1960, akawa daktari. Kizazi hicho kilikuwa na sababu ambayo haitajwi sana: mchezo wa ridhaa haukulipa kitu. Kuacha barafu kwa ajili ya chuo hakukuwa kafara ya aina yoyote, kwa kuwa barafu haikuwa na mshahara wa kuachwa.

Kwa Sarah Hughes hali ilikuwa tofauti kabisa. Alishinda dhahabu ya Olimpiki Salt Lake City mwaka 2002 akiwa na miaka 16, bado mwanafunzi wa sekondari, baada ya kuanzia nafasi ya 4 kufuatia programu fupi. Mlango wa pesa ulikuwa wazi mbele yake. Alishindana msimu mmoja zaidi, akamaliza wa 6 katika ubingwa wa dunia wa 2003, na mwaka huo akaingia Yale. Katika msimu wa 2004 hadi 2005 aliahirisha masomo akaenda kuzunguka nchi na maonyesho ya barafu ya kulipwa, akarudi, na kuhitimu mwaka 2009 katika taaluma za Marekani. Baadaye alisoma sheria. Kwa maoni yangu hakuna aliyeutumia utaratibu huu kwa akili kuliko yeye. Alitambua kwamba jina la bingwa wa Olimpiki huuzika vizuri miaka michache tu, akaliuza lilipokuwa bado moto, na chuo kikamngoja. Miaka 6 kutoka kuingia hadi kuhitimu inaonekana mingi kwa anayehesabu miaka kama mzazi anayelipa ada, lakini mwaka aliokuwa nje haukudaiwa ada na huenda ndio uliolipia mingine.

Kasoro za huduma hii haziko zote kwenye pesa. Kubwa zaidi ni kwamba inahifadhi nafasi ya mwanafunzi bila kuhifadhi chochote kingine. Marafiki walioingia naye wanahitimu akiwa hayupo, na anaporudi anaketi na watu wadogo kwake ambao wengine walimtazama kwenye televisheni. Kozi za hisabati na sayansi zimejengwa moja juu ya nyingine, na aliyesimama miaka 2 katikati ya mlolongo huo anarudi akiwa amesahau nusu ya msingi wakati mhadhiri anaendelea pale darasa lilipo. Maabara hazifanyiki kwa simu ya video. Chen alichagua takwimu na sayansi ya data, na pia alikuwa akijiandaa kwa masomo ya udaktari, mchanganyiko ambao si wa mtu anayetafuta njia rahisi, na sijaona mahali popote ambapo chuo kilimpunguzia mzigo kwa sababu ya medali. Hilo nalihesabu kuwa sifa. Huduma ambayo ingemgawia bingwa alama za bure isingekuwa na maana kwake siku atakapoomba shule ya tiba.

Wapo pia waliojaribu kufanya yote mawili bila kusimama, wasifanikiwe kama Chen. Rachael Flatt, bingwa wa Marekani wa 2010 na wa 7 katika Olimpiki ya Vancouver, alijiunga na Stanford akaendelea kushindana, na matokeo yake barafuni yakashuka msimu baada ya msimu hadi alipostaafu mwaka 2014. Alihitimu, kisha akasonga mbele hadi shahada ya uzamivu ya saikolojia. Ukimtazama kama mtelezaji, utasema chuo kilimgharimu. Ukimtazama leo, utaona swali lenyewe halina uzito mkubwa. Debi Thomas, kwa upande wake, alishinda ubingwa wa dunia wa 1986 akiwa mwanafunzi wa Stanford, akapata shaba Calgary mwaka 1988, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata medali katika Olimpiki ya majira ya baridi, kisha akahitimu uhandisi mwaka 1991 na kuwa daktari wa mifupa. Michelle Kwan, mwenye mataji 5 ya dunia, alisoma mwaka mmoja Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), akachagua barafu, na alihitimu chuo kingine, Denver, mwaka 2009, akiwa na miaka 28, kabla ya kuchukua shahada ya uzamili na baadaye kuteuliwa balozi nchini Belize. Kila mmoja alilipa mahali pake, na hakuna ratiba iliyowafaa wote.

Kwa anayetafuta mbadala, huduma inayofaa kulinganishwa na hii iko Japani. Yuzuru Hanyu alisoma Chuo Kikuu cha Waseda kwa njia ya masafa, katika kitivo cha sayansi za binadamu, huku akifanya mazoezi Toronto, na alishinda dhahabu za Olimpiki za 2014 na 2018 akiwa bado ameandikishwa. Alihitimu mwaka 2020 na kazi yake ya mwisho ilihusu upimaji wa mwendo wa mwili katika kuteleza. Utaratibu huo haukumlazimisha kuchagua kati ya chuo na barafu, na kwa mtelezaji ambaye bado yuko kileleni ni bora kuliko wa Yale. Unachokosa ni chuo chenyewe: mabishano ya usiku bwenini, mhadhiri anayekusimamisha koridoni, na kuwa mtu wa kawaida miongoni mwa watu wasiojali ulipata alama ngapi. Kwa kadiri ninavyoelewa, Chen alikifuata hicho zaidi ya cheti, na hakipatikani kwenye skrini.

Mfano unaonichanganya zaidi ni wa Alysa Liu, kwa sababu ulienda kinyume na mpangilio wote. Alikuwa bingwa wa Marekani mwaka 2019 akiwa na miaka 13, akapata shaba ya dunia Montpellier mwaka 2022, na mwezi uliofuata akatangaza kustaafu akiwa na miaka 16, amechoka. Hakuahirisha chuo kwa ajili ya barafu. Aliacha barafu, akaishi, na mwaka 2023 akaanza saikolojia UCLA. Safari ya kuteleza kwa ski mlimani ilimkumbusha raha ya kasi aliyokuwa ameisahau, akarudi mazoezini, na Machi 2025 akawa bingwa wa dunia mjini Boston, Mmarekani wa kwanza mwanamke tangu 2006. Kwa hiyo chuo kinaweza pia kuwa mahali pa kupumzikia mchezo hadi hamu irudi, kazi ambayo hakuna ofisi ya udahili iliyowahi kuitangaza. Siwezi kuihesabu kama sehemu ya huduma, kwa kuwa haikupangwa na haiwezi kuahidiwa kwa mwingine, lakini nisingeiacha kando mtu akiniuliza kama masomo yanaua ushindani.

Kuhusu uaminifu wa utoaji, nina jambo moja la kuongeza, nalo linakipendelea chuo. Kikosi cha Marekani kilichoshiriki mashindano ya timu Beijing, Chen akiwemo, kilisubiri medali zake kwa zaidi ya miaka 2 kwa sababu ya kesi ya dawa zilizokatazwa iliyomhusu mtelezaji wa Urusi. Dhahabu ilikabidhiwa Paris Agosti 2024, wakati wa michezo ya majira ya kiangazi. Shahada ya Yale ilikuwa imeshatolewa Mei, kwa tarehe iliyopangwa.

Nani basi ningemshauri atumie utaratibu huu? Mtelezaji aliyekwisha kuingia chuo chenye mlango mgumu na ambaye bado ana deni moja mahususi na barafu, kama Chen na Olimpiki yake ya pili, ni mteja wake halisi. Anayeahirisha bila tarehe wala shindano analolilenga, kwa kuwa tu hajui afanye nini, ni afadhali aendelee kusoma, maana mihula ya kuahirisha ina ukomo na hairudishwi ikishatumika. Asiye na kampuni za matangazo nyuma yake aulize kwanza kuhusu msaada wa ada kabla ya kuuliza kuhusu barafu, na aulize kwa maandishi: kama kiwango cha msaada alichopewa mwaka wa kwanza kitabaki vilevile atakaporudi, mapato yake ya maonyesho au ya zawadi yatahesabiwaje, ni mihula mingapi anayoweza kusimama, ombi linapokelewa mwisho lini ndani ya muhula, na kama bweni limehakikishwa au atapanga mstari upya. Anayekusudia udaktari aulize pia kozi za maabara zinafunguliwa muhula gani, kwa sababu kozi inayotolewa mara moja kwa mwaka ikimpita, muhula mmoja wa kuahirisha hugeuka kuwa mwaka mzima.

Kwa mtelezaji aliye bado mwanafunzi wa sekondari, ushauri wangu ni mmoja zaidi: aombe chuo kabla ya kujua kama atakuwa bingwa. Chen alikuwa ameshaketi darasani New Haven, mji wa Yale, alipotwaa taji lake la pili la dunia, na hiyo ndiyo sababu mwaka 2022 alichohitaji ni kurudi tu.